Kata ya Maji Baridi

Xiaoman alisukuma bakuli lake la uji akasema, "Mama, midomo yangu imelala."

Uji wenyewe ulikuwa mchele na maji, basi. Haukuwa na chumvi, wala punje moja ya ile pilipili yetu ya ganzi ambayo sisi watu wa bondeni tunaitia kila mahali mpaka wageni hudhani tuna ugomvi na ndimi zetu. Suyun, mama wa mtoto, akacheka. Akamgeukia mama yake mzazi aliyekuwa anasugua sufuria pembeni.

"Mama, umekorogea mwiko wa pilipili tena. Ona ulivyomfanya mjukuu wako."

"Mwiko nimeuosha mara mbili," Bibi Qiao akajibu bila kugeuka. "Huyo ana deko tu. Mlishe ale."

Suyun akauonja uji, halafu akaweka kijiko chini. Haikuwa ganzi ya pilipili. Ganzi ya pilipili inarukaruka mdomoni, inakuchekesha, inaondoka. Hii ilikuwa ya baridi. Ilianzia ncha ya ulimi ikarudi nyuma taratibu, na hakuna mtu kitongojini kwetu, hata mlevi, asiyeijua. Ilikuwa ganzi ya fuzi.

Niwaambie habari ya fuzi, maana bila hiyo mtaniita mwongo. Ni mzizi. Huku kwetu Jiangyou, kando ya mto Fu, ndio tunaoulima, ndio unaotulisha. Ni dawa ya baridi iliyoingia mifupani, dawa ya moyo uliochoka, dawa ya wazee ambao miguu yao haipati joto hata wakilala na jiko. Lakini ukitoka shambani ni sumu tupu. Unalowekwa siku nyingi kwenye mapipa ya maji ya chumvi chungu, unachemshwa, unamenywa, unakatwa, unalowekwa tena. Na hata ukiisha kukauka, ukitaka kuutia kwenye supu ya mbuzi siku ile jua linapokuwa fupi kuliko siku zote za mwaka, lazima uchemke tangu kabla ya alfajiri mpaka jua lianze kushuka. Moto usilale. Na jambo kubwa kuliko yote, usiongeze maji baridi. Maji yakipungua unaongeza ya moto, uliyoyaweka tayari kwenye birika pembeni. Kata moja tu ya maji baridi, na sumu iliyokwisha kulala inaamka. Watoto wetu wanafundishwa hili kabla hawajajua kufunga viatu.

Katika nyumba ile jina la fuzi lilikuwa halitajwi mezani kwa miaka mitatu. Miaka mitatu nyuma, siku hiyo ya jua fupi, Mzee Pu, mume wa Bibi Qiao, alikula bakuli la kwanza mbele yetu sote, na la pili hakulimaliza. Mimi nilikuwapo. Nyumba yangu inatazamana na yao, tumetenganishwa na uchochoro. Nilikunywa vijiko vitatu tu, ulimi ukafa ganzi mpaka keshokutwa yake.

Aliyekuwa akilinda moto siku ile ni Caiping, binti mkubwa wa nyumba. Msichana mrefu, wa kucheka kwa sauti mpaka kuku wanakimbia, amechumbiwa, harusi imebaki miezi miwili. Tukamuuliza, nani katia maji baridi? Akasema, si mimi. Ndipo mdogo wake, huyu Suyun, akiwa na Xiaoman mgongoni, akasema mbele ya kadamnasi: "Nilimwona. Mkono wa buluu, na kata."

Caiping alikuwa amevaa buluu. Alimtazama mdogo wake, hakulia, hakutukana. Alisema tu, "Yun, mimi?"

Tukatema mate. Na mimi nilitema, sifichi. Mchumba akavunja uchumba, na siku ya saba walimkuta Caiping kwenye banda la mapipa, midomo yake imekuwa myeusi.

Basi asubuhi ya uji ule zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufikia siku ya jua fupi.

Kesho yake ikawa kata. Maji ya jikoni kwao yalikaa kwenye mtungi, na kata ya kuchotea ilining'inia kwenye msumari juu yake, mahali pake pa miaka yote. Suyun aliingia jikoni akaikuta juu ya meko, imelowa, inachuruzika. Akajua mama yake ndiye, akaifuta, akaitundika. Akageuka kuuvuta mlango, maana ukungu wetu wa mwezi wa kumi na mbili haubishi hodi, unaingia na kukaa na nyinyi. Alipogeuka tena, kata ilikuwa mekoni. Inachuruzika.

"Mama, umeigusa kata?"

"Nitaigusaje, niko huku uani nachambua kabichi!"

Siku ya nne, mchana kweupe, alikuwa anachemsha kwato za nguruwe. Mnajua chungu kikitokota kinavyosema, na mpishi hasikii tena ile sauti kwa sababu amekwisha kuizoea. Sasa sauti ile ikakatika. Suyun akainua uso kutoka kwenye vitunguu alivyokuwa anamenya, akaona moto unawaka vizuri, kuni nyekundu, ndimi za moto zinalamba ubavu wa chungu, na ndani ya chungu maji yametulia tuli, hayana hata kipovu, na kutoka juu ya maji yale ikamjia harufu ya chumvi chungu, harufu ya banda la mapipa, ile inayokaba koo na kutoa machozi, na banda lilikuwa upande wa pili wa ua na mlango wake ulikuwa na kufuli tangu siku walipomtoa dada yake humo. Alisimama hapo, anasema hajui ni kwa muda gani. Halafu chungu kikaanza kutokota tena kama kwamba hakuna kitu.

Naye mtoto alikuwa anazidiwa. Ganzi ilitoka midomoni ikaja kwenye vidole. Xiaoman alikuwa na miaka mitano, anashika vijiti vya kulia vizuri kuliko watoto wa miaka saba. Sasa vikawa vinamponyoka. Anaokota, vinaponyoka. Suyun alimpeleka kwa daktari wa mjini, daktari akampima, akauliza kama mtoto amekula fuzi. Hajala. Amenyonya mzizi wowote? Hajanyonya. Daktari akaandika vitamini. Mume wa Suyun yuko Chengdu kwenye ujenzi, anarudi mwaka mpya tu, kwa hiyo mambo yote haya aliyabeba mwenyewe, na usiku alilala ameweka mkono kifuani kwa mwanawe kuhesabu mapigo, kwa sababu sisi tunajua fuzi ikimaliza vidole inakwenda wapi.

Siku ya sita alimtafuta mtoto nyumba nzima akamkuta nje ya banda, amekaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango ule wenye kufuli, anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.

"Xiaoman! Unafanya nini hapa? Unaongea na nani?"

"Na mama mkubwa."

Mtoto alikuwa na miaka miwili Caiping alipofariki, na jina lake halitajwi ndani ya nyumba ile.

"Mama mkubwa gani?"

"Yule mrefu. Ananifundisha kusema kitu."

"Kitu gani, mwanangu?"

"Bado sijakijua vizuri." Xiaoman akajaribu kukunja vidole, havikukunjika. "Kasema nikikijua, midomo yangu itaamka."

Suyun akambeba mtoto mpaka ndani, akafunga mlango, akamwambia mama yake anakwenda kumwita Mzee Gou.

"Gou?" Bibi Qiao akacheka. "Yule anayecheza kamari ya vigae kutwa nyumba ya chai? Mganga gani hajui hata kujiagulia ashinde?"

"Namwita hivyo hivyo."

Akaja jioni. Mzee Gou ni mtu mfupi, anavuta sigara moja baada ya nyingine, ana pembe ya nyati aliyoachiwa na baba yake na joho jekundu lenye madoa ya mafuta. Alipofika uani alikuwa bado anatania, anamwambia Bibi Qiao kwamba amemkatiza mkono mzuri wa vigae. Alipovuka kizingiti cha jikoni akanyamaza. Alisimama ananusa.

"Kuna mtu humu," akanong'ona. "Na si mgeni. Jini la kuja huwa linazungukazunguka, linatafuta pa kukaa. Huyu anajua kila kitu kilipo."

Akaomba ungo, akaumwagia mchele, akausawazisha kwa kiganja. Akachukua kata msumarini akailaza juu ya mchele. Akapuliza pembe, akachinja jogoo, akanyunyiza damu pembe nne za jikoni, akaimba maneno yake ambayo sisi hatuyajui. Suyun alikuwa amempakata mtoto pale kwenye kiti kidogo. Bibi Qiao alisimama kando ya mlango, amekunja mikono, ana uso wa mtu anayengoja mvua iishe aende zake.

"Unataka kuku?" Gou akauliza. Kata kimya.

"Unataka karatasi za kuchomewa? Nguo? Nyumba?" Kimya.

"Unataka mtoto?"

Suyun akamkumbatia Xiaoman mpaka mtoto akalalamika. Kata haikutikisika.

Gou akapiga magoti, akaweka mdomo karibu kabisa na ungo. "Basi unamtaka aliyemimina?"

Na kata ikageuka. Haikuruka wala haikutetemeka, iligeuka polepole ikikwaruza mchele, chembe zikiteleza na kudondoka sakafuni moja moja, mpini ukampita Gou, ukapita meko, ukamfikia Suyun na mtoto mapajani, na Suyun akazuia pumzi, lakini mpini ukampita na yeye, ukaendelea, ukasimama ukimtazama Bibi Qiao pale mlangoni.

Mzee Gou akakohoa, akawasha sigara.

"Mama Qiao," akasema, "huyu hataki kitu chochote nilicho nacho. Anataka neno. Aliyemimina maji aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu waliokula. Akisema tu, huyu anaondoka siku hiyo hiyo na mtoto anapona. Mtu mwingine akisema kwa niaba yake, haifai."

"Umeliwa vigae, Gou, umekuja kumalizia hasira nyumbani kwangu."

"Mimi nimesema." Akakusanya vitu vyake. Hata jogoo hakumchukua, na hiyo ni haki yake ya siku zote.

Gou alipotoka, mtoto akasinzia mapajani, na Suyun alibaki anamtazama mama yake. Miaka mitatu alikuwa amejizuia kulikumbuka jambo moja, na sasa likaja lote. Siku ile alikuwa amesimama nje ya dirisha la jikoni, dirisha lenye mvuke. Aliona mkono wa buluu na kata ikiinama. Uso hakuuona. Mama yake ndiye aliyekuja baadaye, akamshika kifundo cha mkono akambana mpaka ukucha ukaingia, akamwambia: ulimwona dada yako, sivyo? Na yeye akasema ndiyo. Siku ile mama yake naye alikuwa amevaa koti lake la buluu, hili hili linaloning'inia nyuma ya mlango.

"Ni wewe," Suyun akasema.

Bibi Qiao akakaa. Alisema kwa sauti ya chini ya mtu anayesimulia habari za shamba.

"Maji yalikuwa yamepungua. Caiping nilimtuma mimi mwenyewe akalete kuni. Wageni walikuwa wameshafika uani, nawasikia. Mkono ulichota kabla kichwa hakijajua. Nikasema haitadhuru, kata moja, nitaongeza moto."

"Ukaniambia nilimwona dada."

"Wewe uliona buluu. Mimi nikakuambia ni buluu ya nani."

"Mama!"

"Usinipigie kelele, utamwamsha mtoto. Miaka thelathini, Yun. Uchochoro huu wote umekula mkononi mwangu miaka thelathini, hakuna aliyewahi hata kupata ganzi. Binti zao wanaletwa kwangu niwafundishe chungu. Unataka niseme nini? Kwamba nimemuua baba yako kwa kata ya maji?" Akajifuta pua kwa kiganja. "Masika unakwenda shambani na mimi. Tunafukua ubavuni mwa mmea, tunakata vizizi vitoto, tunaacha viwili, mara nyingine kimoja. Mzizi mama hauwezi kulisha vyote. Umewahi kukililia kinachokatwa? Nilikuwa na watoto wawili. Wewe ulikuwa na mtoto mgongoni. Nikakuacha wewe."

"Lakini anayeoza ni mzizi mama," Suyun akasema, machozi yanamwingia mdomoni. "Kila mwaka tunavuna, watoto wamenenepa, mama amebaki ganda jeusi. Umelima maisha yako yote hujaliona hilo? Mbona hukujitaja wewe?"

Bibi Qiao akaonekana mdogo ghafla, mzee, mabega yamemshuka, na Suyun akamhurumia. Ndilo kosa lake, alimhurumia.

"Siku ya jua fupi," mama yake akasema mwishoni. "Waite wote, wale waliokuwapo. Nitapika chungu. Kabla ya bakuli la kwanza nitasema mbele yao. Naapa kwa kaburi la baba yako."

"Kweli, mama?"

"Nimeapa. Unataka nini tena?"

Suyun akamwamini. Siku sita zile alimlisha mwanawe kwa kijiko kwa sababu vidole vilikuwa havishiki kitu, akawa anamwambia, vumilia, bibi atasema, utapona. Na mimi niliitwa. Sote tuliitwa. Tukashangaa, tukasema, nyumba ya Pu inapika chungu tena! Hatukuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Hakuna anayepika kama Bibi Qiao.

Siku ilipofika Suyun aliamka kukiwa bado giza, akawasha moto. Alitaka alinde yeye, asiache mtu mwingine akaribie. Baridi ilikuwa kali, mama yake akaja na koti lake la buluu, akamfunika mabegani. "Vaa hili, mwanangu, utaugua." Mwenyewe alikuwa amevaa jipya, la rangi ya zabibu, la wageni. Ilikuwa miaka mingi hajamwita mwanangu.

Chungu kilitokota asubuhi nzima. Mchana Suyun aliionja supu, akangoja kama tulivyofundishwa, ulimi ukawa mzima. Maji yalipopungua aliongeza kutoka kwenye birika lililokuwa linafuka. Kata aliitazama kila dakika, nayo ilikuwa msumarini mwake. Xiaoman alimlaza kwenye mkeka karibu na meko apate joto, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa akisogeza midomo bila sauti, kama mtu anayekariri.

Saa tisa tukaingia uani, tukaanza kelele zetu. Mlevi wetu akaimba. Mimi nilileta kachumbari ya figili. Suyun alitusikia akainuka kuchukua bakuli la kwanza, na alipoinama juu ya chungu akagundua kwamba tangu muda fulani hasikii kitu. Moto unawaka. Chungu kimya. Harufu ya chumvi chungu ilikuwa nzito mpaka inaonjeka, na ukungu ulikuwa umeingia, sijui kwa mlango upi, umetanda juu ya meko na kushuka mpaka juu ya mkeka wa mtoto, na ndani ya ukungu ule, pale ukingoni mwa meko, kata ilikuwa imelazwa, imelowa, tone linavimba kwenye ncha yake, linadondoka, lingine linavimba. Akatia kidole kwenye supu, akaweka ulimini. Ganzi ilimpanda mpaka masikioni.

"Lete bakuli, watu wanangoja!" Bibi Qiao akaingia, akalijaza mwenyewe, kwa haraka.

"Mama, subiri. Supu..."

"Nini tena?"

"Useme kwanza. Uliapa. Kabla hujala."

"Nitasema, nitasema. Twende."

Suyun akamfuata. Alijisemea: akishatamka neno, nitalipiga bakuli lile lianguke, na yote yatakuwa yamekwisha. Alikaa bega kwa bega na mama yake, mkono tayari.

Bibi Qiao akasimama mbele yetu na bakuli linafuka. Macho yake yakazunguka, yakatutazama mmoja mmoja, wake tuliojifunza chungu kwake, mabinti zetu, na mlango wa banda nyuma yetu. Niliona jinsi alivyovuta pumzi. Hata leo naamini kwamba alikuwa amekusudia kusema.

"Majirani zangu," akasema. "Leo nimewaita kwa sababu nataka moyo wangu utulie. Miaka mitatu sijamtaja binti yangu Caiping. Alichokifanya mnakijua. Lakini mimi ni mama yake. Leo, mbele yenu, nimemsamehe."

Tukalia. Ndiyo, tulilia kweli, tulisema mama ni mama, mlevi akajifuta macho kwa kofia. Bibi Qiao naye machozi yalimtoka, akainua bakuli, akanywa.

Suyun alipiga kelele, "Mama, usile!" Lakini alichelewa kwa pumzi moja. Alinieleza mwenyewe baadaye, na aliniangalia usoni aliponieleza. "Dada Deng," alisema, "sikuchelewa kwa bahati mbaya. Nilisikia neno lile, nimemsamehe, na mkono wangu ukakataa kunyanyuka."

Bibi Qiao alianguka kabla hatujamletea kiti. Tulimtapisha, tulimnywesha maji ya tangawizi, tulituma pikipiki kuita gari la wagonjwa. Gari lilipofika lilikuta mikono yake imekwisha kuwa baridi.

Ndipo mmoja wetu akauliza. Nadhani ni mimi niliyeuliza. "Suyun, wewe umejuaje kama isiliwe?"

Akatutazama. Akafungua mdomo. Angesema nini? Kwamba Caiping, marehemu, ndiye aliyemimina leo? Kwamba marehemu wa tangu zamani hana hatia, na marehemu wa leo ndiye mwenye kosa, yeye aliyetufanya sote tulie machozi sasa hivi?

"Nani alikuwa akilinda moto?" mwingine akauliza.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Xiaoman akatoka, blanketi linaburuta nyuma yake, ukungu unamfuata miguuni. Alitembea mpaka katikati yetu, akasimama wima, mikono ubavuni, kama watoto wanavyosimama shuleni kusoma shairi walilolijua vizuri. Na sauti aliyosema nayo ilikuwa yake, ile ile nyembamba ya mtoto, hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo.

"Nilimwona," akasema, akimnyooshea mama yake kidole. "Mkono wa buluu, na kata."

Sote tukalitazama koti.

Suyun hakulia. Alimtazama mwanawe muda mrefu. Halafu akasema polepole, "Xiaoman, mimi?"

Tulimfungia kwenye banda la mapipa, siku tatu, mpaka watu wa serikali walipokuja kumchukua. Mimi ndiye niliyempelekea chakula, na ndiko alikonisimulia haya yote, maneno yakipita kwenye ufa wa mlango. Nilimwamini. Naapa nilimwamini neno kwa neno. Na walipokuja wale maofisa, wakaniuliza kama kuna jambo ninalolijua, niliwatazama majirani zangu waliosimama nyuma yao, nikasema sijui kitu.

Mtoto yuko kwangu sasa, mpaka baba yake atakapopata nafasi ya kumchukua. Ni mzima kabisa. Anakula kwa vijiti, hata karanga moja moja anaziokota. Asubuhi ile ya kwanza, wakati gari lililombeba mama yake linaishia ukunguni, nilikuwa nimeshika mkono wake pale uchochoroni, nikasikia ananivuta kanzu. Nikainama. Alikuwa anacheka kwa sauti, kicheko kikubwa kuliko yeye, mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

"Shangazi," akasema, "midomo yangu imeamka."